Umeme wa mashine ya boti na maji ya chumvi: jinsi ya kuulinda hatua kwa hatua

Mashine ikigoma kuwaka asubuhi, baada ya usiku wa mvua au baada ya wimbi kupanda tezi (nyuma ya boti), neno la kwanza linalosikika ufukweni ni "CDI imekufa." Mara nyingi haijafa. Kisanduku cha CDI, yaani kifaa cha umeme kinachopeleka moto kwenye plagi, kimejazwa utomvu mgumu ndani kikiwa kiwandani, na maji hayana pa kuingilia. Kilichokufa ni kichomekeo cha waya kilichooza, au swichi ya kuzimia iliyojaa chumvi, au kofia ya plagi iliyopasuka. Vyote hivyo ni vya bei ndogo kuliko CDI, na vyote vingeweza kukingwa kwa kazi ya siku moja.

Mwongozo huu umeandikwa kwa kufuata mashine za kupachika zinazotumika zaidi kwenye mwambao wetu: Yamaha Enduro za nguvu za farasi 15 na 40 zenye mipigo miwili, na kamba ya kuvuta. Mashine za mipigo minne zenye kompyuta zina sehemu yake mbele. Anayefanya kazi Ziwa Victoria au Tanganyika anaweza kufuata hatua zilezile. Maji ya ziwa hayana ukali wa bahari, kwa hiyo hitilafu zake huja taratibu zaidi, lakini mvua na umande ni vilevile.

Chumvi inafanya nini hasa

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na maji hayo hupitisha umeme vizuri. Lakini maji yenyewe hukauka. Chumvi hubaki, na chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu wa hewani. Ndiyo maana kichomekeo kilichorushiwa maji Jumatatu kinaweza kuwa kikavu mchana kutwa, kisha kikalowa tena usiku bila tone jingine kukigusa. Usipoiosha chumvi hiyo, umeahirisha tatizo tu.

Kuna madhara ya aina mbili, na dawa zake hazifanani.

La kwanza ni umeme kuvuja. Koili ya chaji iliyo chini ya flaiwili (gurudumu zito juu ya injini) huijaza CDI kwa volti 200 hadi 300, kisha koili ya moto huzipandisha hadi kufika maelfu mengi ili cheche iruke kwenye plagi. Volti za namna hiyo hutafuta njia ya mkato kwenda kwenye bodi, yaani chuma cha mashine yenyewe. Utando wa chumvi juu ya mpira wa kofia ya plagi unatosha kuwa njia. Washa mashine usiku, kava likiwa limefunuliwa, uitazame bila kuigusa: kama waya wa plagi unavuja utaona vicheche vya samawati vikitembea juu ya mpira.

La pili ni chuma kuliwa. Pini mbili zikilowa maji ya chumvi, moja ikiwa na chanya ya betri na nyingine hasi, ile ya chanya huyeyuka kidogokidogo. Hali hii haingoji mashine iwashwe. Boti ikilala nangani na betri imeunganishwa, pini inaliwa usiku kucha. Mashine isiyo na betri haipati balaa hili kwa kiwango hicho, na hiyo ni moja ya sababu mashine za kuvuta kwa kamba huvumilia miaka mingi kwa watu wasiozihudumia.

Liko jambo jingine ambalo mafundi wengi hulipuuza: vitu vilivyofungwa hupumua. Soketi au swichi ikipata joto, hewa iliyo ndani hutanuka na kutoka. Ukiimwagia maji ya baridi ingali ya moto, hewa hunywea na kuvuta maji kupitia upenyo ambao siku nyingine usingepitisha chochote. Kwa hiyo anayefika ufukweni na kuielekezea mashine yenye moto mpira wa maji anaisaidia bahari.

Maji yanaingia wapi

Kabla ya kununua chochote, fungua kava na usome alama. Chumvi huandika ilipopita.

Mchirizi mweupe kuanzia ukingo wa kava kwenda chini unaonyesha mpira wa kava umelala au umekatika. Chumvi iliyotapakaa upande wa nyuma, karibu na tundu la hewa, ni ya wimbi la tezi: boti imesimama ghafla na mkia wake wa maji ukaikuta, au imelala nangani tezi ikitazama mawimbi. Chumvi kwenye kona ya mbele, pale nyaya, mpira wa mafuta na kebo vinapopita, inasema mpira wa tundu hilo umepasuka au fundi hakuurudisha.

Ukikuta ukoko mweupe mahali pamoja tu kwenye injini yenyewe, kwa mfano chini ya kifuniko cha thamostati au kwenye mstari wa gasketi ya kichwa, hayo si maji ya wimbi. Mashine inavuja maji yake ya kupozea na kuyarusha juu ya koili. Ukiziba kava hapo umefanya kazi bure. Badilisha gasketi kwanza.

Angalia pia sinia la chini, yaani sehemu ya chini ambayo kava linakalia. Lina tundu la kutolea maji, na tundu hilo huziba kwa mchanga, grisi na hata viota vya wadudu. Mimina kikombe kimoja cha maji ya bomba polepole na uone yanakotokea. Yakisimama, umempata adui. Mashine inapoinuliwa baada ya safari sinia huinama mbele, na maji yaliyosimama hukimbilia kwenye mafungu ya nyaya.

Vifaa vya mashine moja

Kwa mashine ya 40 yenye silinda mbili, hivi vinatosha na vingine vitabaki:

- mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani, unaosinyaa mara tatu: mita 1 ya milimita 6 na nusu mita ya milimita 10 au 12
- grisi ya silikoni ya umeme, tyubu ya gramu 50 hadi 100
- dawa ya kusafishia teminali, kopo 1
- dawa ya kuzuia kutu ya kupulizia inayoacha utando, kopo 1
- spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, nusu lita
- teminali za duara zenye umbo la risasi, dume na jike, jozi 10, na za pete chache
- waya wa boti uliopakwa bati, milimita mraba 2.5, mita 2 au 3
- tai nyeusi za plastiki 20 (nyeupe huoza juani)
- mita ya kupimia umeme, koleo ya kubania teminali, mswaki mkuukuu, kitambaa kisichotoa nyuzi

Kuhusu waya: waya wa nyumba wa shaba tupu hufanya kazi mwaka wa kwanza. Baadaye maji hupanda ndani ya ganda lake kama mafuta yapandavyo kwenye utambi, shaba inageuka kijani au nyeusi, na unajikuta unakata sentimita kumi, ishirini, bila kukuta shaba inayong'aa. Uliopakwa bati ni ghali, lakini mita mbili si mzigo.

Usinunue silikoni ya kuzibia inayonuka siki. Harufu ile ni asidi inayotoka wakati inakauka, nayo hula shaba. Ukiziba soketi kwa silikoni hiyo umeifungia sumu ndani. Kama ni lazima kuziba tundu la sinia, tafuta isiyonuka siki, iliyoandikwa kuwa inafaa kwa umeme. Soketi na vichomekeo haviguswi na silikoni ya kuzibia ya aina yoyote ile (grisi ya silikoni ni kitu kingine), kwa sababu siku ya kutengeneza hutaweza kuvifungua bila kuvivunja.

Kazi yenyewe

Fanya mashine ikiwa imepoa kabisa, chini ya kivuli, siku isiyo na mvua. Kama ina betri, ondoa waya hasi kwanza, kisha chanya. Piga picha za nyaya zote kwa simu kabla ya kuchomoa hata mmoja. Rangi hufifia chini ya kava, na waya wa kahawia hugeuka mwekundu machoni pa mtu mwenye haraka.

1. Osha chumvi. Vua kava na uifute injini yote kwa kitambaa kilicholowa maji ya bomba kisha kikakamuliwa. Pale penye ukoko, tumia mswaki na maji kidogo ya vuguvugu. Usipige maji ya presha. Maji ya kisima kilicho karibu na ufukwe yaonje kwanza. Mengi yana chumvi, na utakuwa unafuta chumvi kwa chumvi.

2. Kagua mpira wa kava. Paka chaki kwenye ukingo wa sinia, funga kava kwa komeo zake zote, fungua. Pale ambapo chaki haikuhamia kwenye mpira, pana upenyo. Wakati mwingine mpira ni mzima na komeo ndiyo imelegea. Irekebishe kabla ya kununua mpira. Mpira mzima upake grisi ya silikoni nyembamba kwa kidole ili usikauke.

3. Zibua tundu la sinia, na urudishe mpira wa kila tundu ambapo kitu kinapita. Tundu la kamba ya kuvutia lina mpira wake pia. Lakini tundu la hewa nyuma ya kava liache wazi. Wapo wanaolishindilia kitambaa wakati wa kusi (upepo wa kusini); mashine inakosa pumzi, joto chini ya kava linapanda, na joto huua koili kuliko maji.

4. Chomoa vichomekeo kimoja kimoja. Shika teminali au ganda lake, usivute waya. Pulizia dawa ya teminali, sugua kwa mswaki, pulizia tena, acha dakika tano. Penye kijani sugu, siki nyeupe kidogo kwenye pamba itaikata, ila lazima uoshe kwa maji ya bomba na kumalizia na spiriti, la sivyo siki itaendelea na kazi usiyoitaka. Teminali iliyoliwa hadi ikawa nyembamba haisafishwi. Hiyo ni ya kukata.

5. Baada ya kukauka, paka grisi ya silikoni kiasi cha punje ya mchele ndani ya mpira wa kichomekeo na kwenye mdomo wake. Grisi hii haipitishi umeme. Kazi yake ni kujaza nafasi ambayo maji yangekaa. Chuma kikibana sawasawa, hujisukumia njia na kugusana. Chuma kikiwa kimelegea grisi haikusaidii kitu, kwa hiyo bana kichomekeo jike kidogo kwa koleo kabla ya kukirudisha.

6. Shughulikia kofia za plagi. Kwenye Enduro nyingi kofia huzungushwa kama skrubu kwenye waya wake: izungushe kinyume na saa itoke. Tazama ncha ya waya. Kama ni ya kijani, kata milimita 5 hadi shaba ing'ae, urudishe. Usikate zaidi kila mwaka bila kufikiri, maana waya utafika mahali haufiki plagi. Kofia ina mpira juu na chini, uliopasuka ubadilishwe. Paka grisi ya silikoni kwenye mdomo wa mpira tu, ukiacha chuma cha ndani kikiwa kikavu.

7. Kagua waya wa bodi wa CDI na wa koili. Fungua boliti, kwangua chini yake hadi chuma king'ae, funga kwa nguvu ya wastani, kisha juu yake, ikiwa imekwisha kufungwa, paka grisi. Waya wa bodi uliooza huleta dalili za kichawi: mashine inawaka vizuri, halafu inakatakata ikipata moto. Watu hubadilisha koili tatu kabla ya kuigusa boliti hiyo.

8. Panga nyaya. Kila waya unaoingia kwenye kichomekeo ushuke chini yake kwanza kisha upande, ili tone likitambaa juu ya waya lidondokee kwenye kona ya chini badala ya kuingia. Vichomekeo vitazame chini au pembeni, visitazame juu. Funga kwa tai bila kukaza hadi waya ukabonyea, na uache nafasi kati ya nyaya na flaiwili.

9. Pulizia dawa ya kuzuia kutu, safu nyembamba, kwenye boliti, koili na vichomekeo vilivyokwisha kufungwa. Acha kava wazi nusu saa ili mvuke uondoke kabla ya kuwasha, kwa sababu mvuke huo unashika moto. WD-40 ina kazi yake, nayo ni kufukuza maji. Lakini utando wake ni mwembamba na hauchukui muda kuondoka, kwa hiyo ukiitumia uirudie kila wiki.

Usiweke oili chafu, dizeli wala mafuta ya taa. Mpira huvimba, ganda la waya hulainika, na mchanga unanata. Mafuta ya mgando yanafaa kwenye vichwa vya betri, huko ambako hakuna joto. Chini ya kava huyeyuka na kutiririka.

Kiungo cha waya kisichovuja

Waya uliosokotwa na kuzungushiwa tepu ndio ugonjwa mkubwa wa boti zetu. Gundi ya tepu hulainika kwa joto, inafunguka upande mmoja, maji yanaingia, halafu tepu hiyohiyo inayazuia yasitoke. Kulehemu kwa risasi peke yake pia si tiba, kwani pale risasi inapoishia waya hugeuka mgumu na mtikisiko wa mashine huukata.

Fanya hivi. Kata waya hadi ukute shaba inayong'aa. Ingiza kipande cha mpira wa kusinyaa, sentimita 5, kwenye waya na ukisogeze mbali. Asiyekiingiza mapema atakikumbuka akishamaliza kubana. Menya milimita 6 hadi 8 tu. Bana teminali kwa koleo yake, si kwa plaisi, kisha uvute kwa nguvu ya mkono. Ikitoka, afadhali imetoka leo. Sogeza mpira juu ya kiungo na uupashe moto kuanzia katikati kwenda kwenye ncha, ili hewa itoke mbele ya gundi. Kibiriti cha gesi kinatosha ukikishika chini sentimita 4 na kukitembeza bila kusimama. Ondoa tangi na mpira wa mafuta kabla ya kuwasha moto wowote. Umemaliza unapoona mviringo mwembamba wa gundi ukichungulia ncha zote mbili. Upande usioonyesha gundi haujazibwa, hata kama mpira umebana. Acha upoe bila kuutikisa.

Swichi ya kuzimia

Kwenye mashine za CDI, swichi huzima mashine kwa kuupeleka waya wa kuzimia kwenye bodi. Kwenye Yamaha waya huo ni mweupe na wa bodi ni mweusi. Kwa hiyo swichi iliyolowa chumvi inafanya nusu ya kile ambacho kidole chako kingefanya: moto unapungua au unapotea kabisa. Swichi imekaa mbele kwenye mkono wa mashine, inapokea rasharasha la kila safari, na hakuna anayeikumbuka.

Chomoa waya mweupe na mweusi wa swichi na upime kati yao kwa mita, kwenye kipimo cha upinzani, kamba ya usalama ikiwa mahali pake. Mita isionyeshe njia yoyote. Ikionyesha maelfu ya ohmu, swichi inavuja ingawa mashine inawaka leo. Bonyeza kitufe: isome karibu na sifuri. Chomoa kamba ya usalama: vilevile. Swichi nyingi hazifunguki vizuri. Inayovuja ibadilishwe, na ile mpya uizungushie grisi ya silikoni nyembamba mahali waya unapoingia.

Wapo wanaoendelea na safari waya mweupe ukiwa umechomolewa. Mashine itawaka, lakini hutaweza kuizima kwa swichi, na mtu akitupwa majini boti itaendelea kumzunguka. Uchomoe ufukweni kwa kupima tu: moto ukirudi, kosa ni la swichi. Unapopima moto, plagi zote ziguse bodi, na usivute kamba kofia zikining'inia hewani, kwa sababu CDI inaweza kuungua. Usishike plagi kwa mkono.

Mashine za mipigo minne zenye kompyuta

Hapa kanuni ni zilezile, ila kosa ni ghali zaidi. Kompyuta yenyewe nayo imejazwa utomvu. Maji huingia kwenye soketi zake kubwa. Kila waya unaoingia kwenye soketi umevikwa mpira mdogo, na tundu lisilo na waya lina kizibo. Kizibo kikianguka usikipuuze.

Kosa la kwanza la mafundi ni kutoboa ganda la waya kwa sindano ya mita ili kupima. Tundu hilo halizibiki. Maji hupanda ndani ya waya na kutokea kwenye pini ya kompyuta, mbali na pale ulipotoboa, miezi kadhaa baadaye. Pima kwenye soketi.

La pili ni kujaza grisi. Kwenye soketi yenye pini nyingi, grisi ikijaa, ukisukuma soketi presha yake husukuma mipira nje. Paka utando kwenye mpira wa mzunguko tu. Sukuma hadi usikie komeo lake likilia "ta," kisha vuta kidogo kuhakikisha. Usichomoe soketi yoyote ufunguo ukiwa umewashwa, na usipulizie dawa kwenye mkanda wa taimingi.

Fyuzi na rilei (swichi za umeme) za staata na za kuinulia mashine zinastahili uangalifu wa pekee kwa sababu zina chanya ya betri muda wote. Fyuzi yenye miguu ya kijani huongeza upinzani, hupata moto na kuyeyusha kishikio chake. Badilisha na yenye kipimo kilekile. Vifuniko vya mpira juu ya nati za staata vikipotea, kata mpira mpana wa kusinyaa au ununue vingine, usiache nati tupu.

Betri

Betri ikae ndani ya boksi lenye matundu ya hewa, juu ya sakafu ya boti ambapo maji hayafiki, imefungwa kwa mkanda. Weka swichi kuu kwenye chanya na uizime kila mara boti inapolala. Hapo ndipo ule ulaji wa pini unapokoma. Kama pampu ya kutoa maji inatakiwa kuwa na umeme usiku, ipe waya wake yenyewe na fyuzi yake. Lakini kamwe usizime swichi kuu mashine ikiwa inaunguruma, kwani rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme wa mashine uweze kuchaji betri, itaungua.

Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hadi 12.8. Mashine ikichaji, 14 na ushei. Kupata kiungo kibovu, weka mita kwenye volti, waya mmoja wa mita kwenye kichwa cha betri na mwingine kwenye ncha ya pili ya kebo hiyohiyo, halafu mtu apige staata. Ikizidi nusu volti, kebo au kiungo chake kimeoza ndani.

Kila urudipo

Acha mashine ipoe. Isukutue njia zake za maji ya kupozea kwa maji ya bomba dakika 10 hadi 15, kwa pipa au kwa vikombe vya kusukutulia, kava likiwa limefungwa. Kisha vua kava, futa sinia, pangusa kofia za plagi na swichi ya kuzimia kwa kitambaa chenye maji matamu, na uache kava wazi kivulini hadi unyevu uondoke. Kufunga kava juu ya injini yenye unyevu ni kuifanyia sauna. Mara moja kwa mwezi pulizia dawa ya kuzuia kutu, na kazi nzima ya hapo juu ifanye mara moja kwa mwaka kabla kusi haijashika kasi. Nangani, boti ilale omo (mbele yake) ikitazama mawimbi.

Mashine ikizama

Hapa saa ndiyo inaamua. Ndani ya maji chuma huoza polepole. Kikitolewa hewani na chumvi juu yake huoza haraka. Kama fundi hapatikani leo, itumbukize mashine kwenye pipa la maji matamu ikae humo hadi atakapofika. Inaonekana kama wazimu, lakini ndivyo inavyotakiwa.

Ukiwa tayari, lenga kuiwasha ndani ya saa tatu tangu itoke. Tenganisha betri. Osha mashine yote, ndani na nje ya kava, kwa maji mengi ya bomba yasiyo na presha. Safari hii maji ya chumvi yamekwisha kuingia kila mahali, na kitu kinachoweza kuyatoa ni maji matamu. Chomoa kila kichomekeo na ukisukutue pia. Toa plagi, geuza matundu yatazame chini, zungusha flaiwili kwa mkono. Ikikwama, acha hapohapo. Mashine iliyozama ikiwa inaunguruma inaweza kuwa imepinda koni rodi (mkono wa pistoni), na kulazimisha kutaipasua.

Ikizunguka, endelea hadi maji yaishe, kisha mimina spiriti kidogo kwenye silinda na uzungushe tena. Spiriti hushika maji yaliyobaki na kutoka nayo. Fuatisha na oili safi. Mwaga kabureta na mafuta ya tangi. Ya mipigo minne ibadilishwe oili, na irudiwe kubadilishwa hadi isitoke ikiwa na rangi ya maziwa. Staata ifunguliwe na kukaushwa.

Vichomekeo viloweshe kwa spiriti, vipulizwe kwa hewa ya kompresa kwa presha ndogo, viache juani nusu saa, kisha grisi. CDI ifute tu na kukausha soketi zake. Kuifukia kwenye mchele hakuvuti kitu kwa sababu ndani yake hakuna maji, na kuiweka karibu na jiko huipasua. Weka plagi mpya, washa, na uiache iungurume kwenye pipa saa nzima ili joto limalize unyevu. Ikigoma, chomoa kwanza waya mweupe wa swichi ya kuzimia.